Maji yaliyosimamisha vita, Nieuwpoort na Rufiji

Njia ninayopita kwa baiskeli kila Jumanne na Ijumaa kwenda kazini zamani ilikuwa reli. Inatoka Diksmuide, mji ninaokaa huku Ubelgiji, inaelekea Nieuwpoort kwenye bahari, imenyooka kama uzi. Wenyeji wanaiita Frontzate. Ukiwa juu yake huoni cha ajabu, maana tuta lenyewe limeinuka kidogo tu kuliko mashamba ya pembeni. Nilipita hapo miezi mitatu mizima bila kujua kwamba mashamba ya mkono wangu wa kushoto yalikuwa ya jeshi la Ubelgiji, na upande wa mkono wa kulia, ng'ambo ya mto, walikuwa Wajerumani. Na kati yao, kwa miaka minne ya Vita Kuu ya Kwanza, yalikuwa maji.

Aliyenieleza ni mzee ninayemhudumia kijijini Pervijze. Ana miaka tisini na moja, miguu imemwishia nguvu, ila kichwa chake ni kizima kabisa. Namwogesha, namwandalia dawa na chakula, kisha tunakaa. Namwita Opa, kama wajukuu zake wanavyomwita. Kabla ya kustaafu alikuwa mtu wa maji: kazi yake ilikuwa kusafisha mitaro ya mashambani na kutunza milango inayoyaruhusu maji kwenda baharini.

Siku ya kwanza hakuniuliza natoka nchi gani. Aliuliza, "Kwenu kuna bahari?" Nikamwambia mimi ni mtu wa delta ya Rufiji, nyumbani ni Nyamisati, pale watu wanapopandia boti kwenda Mafia. Akauliza tena, "Bamvua maji yanapanda kiasi gani?" Bila shaka hakusema bamvua, jina letu la maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, alitumia neno lao la Kiflemi, lakini nilimwelewa papo hapo. Miaka sita niko Ulaya na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tangu siku ile tumekuwa watu wa karibu.

Kuielewa vita ya huku unahitaji kwanza kuielewa ardhi yake. Tambarare hii wanaiita polder. Ni nchi iliyonyang'anywa bahari. Maji yakijaa, usawa wa bahari unakuwa juu kuliko mashamba. Kinachowaokoa ni kuta, mitaro na milango. Maji yakipwa wanafungua milango, mitaro inamwaga maji ya mvua baharini. Yakianza kujaa wanafunga. Wamefanya hivyo kwa karne na karne, kila siku mara mbili. Pale Nieuwpoort njia sita za maji zinakutana sehemu moja, kila moja na mlango wake, kisha zinatoka pamoja kuelekea baharini. Ukitazama kwenye ramani ni kama unyayo wa bata, na jina lenyewe, Ganzepoot, maana yake ni unyayo wa bata bukini.

Oktoba 1914 jeshi la Ubelgiji lilikuwa limechoka. Nchi karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, Antwerpen imeanguka, na mabaki ya jeshi yamerudi nyuma hadi kwenye Mto Yser, mto mdogo kiasi kwamba ungeletwa Rufiji tungeuita mkono tu wa mto. Nyuma yao kulikuwa na Ufaransa tu. Mapigano yalianza katikati ya mwezi. Wajerumani wakavuka mto, na Wabelgiji wakarudi tena nyuma, wakajibanza kwenye tuta la reli. Hilihili ninalolipita na baiskeli.

Hapo ndipo likaja wazo la kugeuza kazi ya milango. Badala ya kufungua maji yakipwa na kufunga yakijaa, wafanye kinyume: wafungue maji yakijaa bahari iingie shambani, wafunge yakianza kupwa isitoke. Tuta la reli lingekuwa ukingo. Wahandisi wa jeshi waliziba kalavati ishirini na mbili zilizopita chini ya reli, maji yasiende upande wao. Kazi ya kuziba walikuwa na maofisa wa kuisimamia. Kujua mlango upi, saa ngapi, maji yatapita mtaro gani na yatafika wapi, hilo maofisa hawakulijua. Ilibidi watafute watu wa maji. Wakampata Karel Cogge, msimamizi wa mitaro ya eneo la Veurne, na Hendrik Geeraert, nahodha wa majahazi ya mferejini, mtu aliyeijua milango ya Nieuwpoort kama vidole vyake.

Jaribio la kwanza, siku za Oktoba 27 na 28, lilileta maji kidogo kidogo. Vitabu nilivyosoma vinaeleza habari za milango kujifunga na ugumu wa kazi gizani, na sina ubishi. Lakini mimi nimelelewa na watu wanaohesabu mwezi, basi nilikaa jikoni kwa Opa na kalamu nikahesabu. Agosti 21, 1914 jua lilipatwa, na lilionekana kaskazini mwa Ulaya. Jua halipatwi ila mwezi unapoandama. Ukiongeza miezi miwili ya siku ishirini na tisa na nusu unafika Oktoba 19. Kwa hiyo Oktoba 27 ulikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu uandame: maji mafu yenyewe, yale madogo ya nusu mwezi, ambayo hata mvuvi wa Nyamisati asingeyategemea kuelea jahazi lililokwama. Usiku wa kuamkia Oktoba 30, Geeraert alipokwenda na askari wachache kufungua milango ya Noordvaart, moja ya zile njia sita za maji, mahali ambapo majeshi yote mawili hayakuwepo, ulikuwa mwezi kumi na moja. Bahari ilikuwa inapanda kila usiku kuelekea bamvua ya Novemba 2 au 3.

Nilipomwonyesha Opa ile karatasi aliitazama muda mrefu. Akasema baba yake alikuwa akieleza hivyohivyo, kwamba maji hayakuja siku yalipoitwa, yalikuja siku yao.

Walifungua, wakafunga, usiku baada ya usiku. Wajerumani walikuwa wamelivuka hata tuta la reli na kuingia kijiji cha Ramskapelle. Asubuhi wakaona visigino vinalowa. Maji ya polder hayaji kwa kishindo kama mafuriko ya mlimani. Yanapanda kimyakimya kutoka mitaroni, yanaunganisha dimbwi na dimbwi. Sisi wa delta tunalijua hilo: unalala jaluba liko kavu, unaamka mpunga unaelea, na maji ukiyaonja ni ya chumvi. Mizinga ikazama, barabara zikapotea, na Wajerumani wakarudi ng'ambo ya mto. Upande huu mbio za majeshi ziliishia hapo. Mstari wa mahandaki uliokuja kunyooka kilomita mia saba hivi hadi mpaka wa Uswisi ulianzia kwenye milango hii.

Kisha kikaja kile kilichonifanya niandike, maana mafuriko yalichukua siku chache lakini watu wakaishi nayo miaka minne.

Ukisikia neno handaki unafikiria shimo refu ardhini. Hapa hakuna shimo. Nilichimba mahali pa kupanda mti wa matunda kwenye bustani ya Opa, na kabla jembe halijafika magotini maji yalikuwa yametoka chini. Askari wa Kibelgiji walilazimika kujenga kwenda juu, kuta za magunia ya udongo, maelfu kwa maelfu. Gunia moja waliliita vaderlanderke, tuseme "kizalendo". Nimekwenda mara mbili Dodengang, nje kidogo ya Diksmuide, ambapo kipande cha handaki la ukingo wa Yser kimehifadhiwa. Magunia yale sasa ni ya zege, yamepangwa kama yalivyokuwa. Unatembea kwa kupindapinda, maana handaki halijengwi moja kwa moja, bomu likianguka lisiwafagie wote. Mwisho wake ulikuwa chini ya mita hamsini kutoka kwa adui. Mita hamsini! Usiku ungesikia mtu wa upande wa pili akikohoa.

Na walikohoa sana. Majira ya baridi ya kwanza homa ya matumbo ililivamia jeshi. Walizungukwa na maji pande zote na hawakuwa na ya kunywa, kwa kuwa yale yaliyofurika yalikuwa ya chumvi, na ndani yake mlikuwa na mizoga ya ng'ombe na maiti za watu. Miguu iliyokaa kwenye buti lenye maji siku kadhaa huvimba, hufa ganzi, huoza. Nimeshaiona miguu ya wazee wengi katika kazi yangu, naijua ngozi iliyokosa damu inavyobadilika rangi. Nikisimama Dodengang siwazi mizinga, nawaza miguu.

Mafuriko yenyewe yalihitaji kutunzwa. Kikosi maalumu cha wahandisi chini ya Kapteni Robert Thys kilikaa miaka yote hiyo kikipima na kurekebisha. Maji yakizidi, yangewafikia hata wao wenyewe. Yakipungua, Wajerumani wangeweza kuvuka. Basi kila siku, chini ya mizinga, walikuwa watu ambao kazi yao ya vita ilikuwa kuangalia kipimo cha maji na kufungua au kufunga. Hakuna aliyesonga mbele, hakuna aliyerudi nyuma. Mkwamo ule ulikuwa kama shamba linalolimwa.

Kilomita ishirini na kitu kusini, upande wa Ieper, maji yalifanya kinyume, yaliwaua waliotaka kusonga. Kule juu kuna mchanga, chini kuna udongo mfinyanzi usiopitisha tone. Mwaka 1917, kabla ya mashambulizi yaliyoanza Julai 31, Waingereza walifyatua makombora zaidi ya milioni nne. Makombora yale yaliivunja mitaro yote ya wakulima, ile mitaro ya watu wa kina Opa. Agosti mvua ikanyesha, na maji hayakuwa na pa kwenda. Watu walizama kwenye mashimo ya mabomu, wakiwa na mizigo mgongoni, hatua moja kutoka kwenye mbao za kupitia. Hadi Novemba walikuwa wamesonga takribani kilomita nane, hadi kijiji cha Passendale. Makaburi ya Tyne Cot yaliyo karibu na hapo ni karibu elfu kumi na mbili, na zaidi ya elfu nane hayana jina. Nilikwenda mara moja. Sikuweza kumaliza mistari.

Sasa nije nyumbani.

Siku moja Opa alikuwa akinieleza kwamba wakati wa mapigano ya Yser, Waingereza walileta meli za kivita za ajabu kidogo kuupiga ufuko kutoka baharini. Zilikuwa bapa, za kina kifupi, ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil kisha Uingereza ikazinunua vita ilipoanza. Zilikuwa tatu: Severn, Humber na Mersey. Mwiko uliniponyoka mkononi nilipoyasikia. Severn na Mersey! Hayo majina mawili nayajua tangu utoto. Ndizo zilizokuja Rufiji.

Wasiojua habari hii, ni hivi. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ile ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar Septemba 20, 1914. Kisha ikaingia kujificha kwenye delta yetu. Waingereza waliigundua Oktoba 30, 1914. Rudi juu uitazame tarehe hiyo. Siku ileile ambayo maji ya Geeraert yalikuwa yanaingia polder, meli ya Kiingereza ilikuwa inatafuta milingoti juu ya mikoko ya Rufiji.

Na kwetu pia vita vilikwama. Königsberg haikuweza kutoka, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kina hakiziruhusu. Wajerumani wakajichimbia mahandaki kwenye kingo za midomo ya mto, katika matope ya mikoko, wakaweka bunduki na kutandika nyaya za simu. Zaidi ya miezi minane. Baba wa babu yangu alikuwa mkata boriti, na kwa masimulizi tuliyorithi alikuwa miongoni mwa waliokatishwa matawi ya kuifunika meli ile isionekane. Wengine walivutishwa mitambo yake kwa kamba, kwa miguu, hadi Dar es Salaam ikatengenezwe na kurudishwa. Nani alikunywa maji gani njiani, nani alikufa kwa kuhara, hayo hayakuandikwa.

Ili Severn na Mersey ziweze kuingia, Waingereza walihitaji kujua kina cha mikono ya mto na mwenendo wa maji kujaa na kupwa. Walimtuma Philip Jacobus Pretorius, mwindaji wa Afrika Kusini, naye akaingia delta akawatumia wenyeji, akapima usiku kwa mti kama sisi tunavyopima kwa pondo. Julai 6, 1915 zile meli mbili ziliingia kwa mdomo wa Kikunya, ndege zikielekeza mizinga kutoka juu, zikashindwa. Julai 11 zikarudi. Siku hiyo Königsberg ikaisha, na Wajerumani wenyewe wakailipua. Mizinga yake waliiopoa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja nimeuona kwa macho yangu Fort Jesus, Mombasa.

Mwaka 1950 Ubelgiji ilitoa noti ya faranga elfu moja. Upande mmoja yupo Mfalme Albert. Upande wa pili yupo Hendrik Geeraert, nahodha wa majahazi. Opa anayo moja, ameihifadhi ndani ya Biblia ya mkewe. Aliponionyesha nilimtazama yule mtu, uso wa kawaida kabisa wa mtu aliyezoea upepo, na machozi yakanitoka. Opa alidhani nimeguswa na ushujaa. Nilimweleza ukweli. Nilikuwa nawaza kwamba Rufiji nako alikuwepo mtu aliyejua mkono upi una kina, kwenye mwezi wa ngapi, saa ngapi. Pretorius hakuzaliwa kwenye mikoko ile. Kuna mtu alishika pondo, akasema hapa panapita, pale hapapiti. Labda walikuwa wawili, labda watano. Wengine nao walikuwa upande wa Wajerumani, wakiwaelekeza pa kuificha meli. Wote hao walikuwa kina Geeraert. Jina la hata mmoja sijaliona popote.

Opa alinyamaza. Kisha akasema, "Muulize mjomba wako."

Mjomba wangu ana miaka sabini na nane, hana meno ya mbele, na bado analima mpunga ukingoni mwa mikoko. Nilimpigia simu Jumapili iliyopita, Opa akiwa pembeni na spika imewashwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona usiku?"

Nilimuuliza habari za waliowapitisha Waingereza. Alifikiri. Akasema majina mawili aliyasikia kwa baba yake, akanitajia, na akaniomba nisiyaweke popote mpaka awaulize wajukuu zao, wapo, mmoja ana duka. Kwa hiyo siyaandiki hapa. Nimeyaandika kwenye daftari langu, na Opa ameyaandika kwenye lake, kwa tahajia ya Kiflemi.

Kisha Opa akanigusa mkono, ana swali. Nikamtafsiria mjomba: anauliza kwenu leo maji yakoje.

"Mwambie leo mwezi kumi na tatu," mjomba akasema. "Yameshaanza kugusa jaluba la chini. Kesho kutwa bamvua. Tumeongeza tuta tangu asubuhi."

Opa aliposikia alijisukuma na kiti chake hadi dirishani, akalifungua pazia, akautazama mwezi. "Hapa pia," akasema. "Hapa pia kesho kutwa. Muulize tuta wamelifanya kwa udongo gani."